Hita ya Kigari cha Maziwa

Baridi ya mji ule huuma hadi kwenye meno. Ambilikile aliinama ndani ya kigari chake cha maziwa, akifunga hita mpya. Mkewe, Atupele, aliona bomba la joto likielekezwa kwenye kiti cha abiria, anakoketi Sekela, msichana mpimaji wa maziwa. Atupele hupanda nyuma, na madebe.

“Baba Lusajo, kitendawili.”

“Tega.”

“Moto nimeukoka mimi, anayeuota ni jirani.”

Ambilikile akacheka. “Mama Lusajo nawe! Sekela anaumwa kifua.”

“Na changu mimi ni cha bati?”

Mumewe akawasha injini. Atupele akapanda mbele, akaubamiza mlango. Sekela akafika, akasimama nje akipuliza vidole, na kioo kati yao kikaanza kujaa ukungu.