Roli ya Kumi na Tisa

Kwanza kilisikika kishindo: kitu kizito kikigonga ukuta. Kikafuata cha pili, laini zaidi, kama gunia la mahindi limedondoshwa. Kikombe kikapasuka. Sauti ya mwanamume, ya chini, isiyo na haraka, ikasema, "Rudia. Rudia ulichosema."

Kikaja kishindo cha tatu.

Zilikuwa nyumba mbili zenye ukuta mmoja wa tofali za kuchoma, nyuma ya barabara ya lami pale Karatu, moja ikiwa na duka mbele. Jua lilikuwa halijachomoza vizuri. Mtaa ulisikia, mtaa ukaendelea kuchemsha chai. Kila aliyesikia alijua kwamba siku moja pigo moja litazidi, na mwanamke atatolewa humo amefunikwa shuka.

Saa mbili, Bartolomeo alipofungua duka, jirani yake Soila alikuwa wa kwanza mlangoni. Alikuwa akivuta mguu wa kushoto. Baridi ya Juni ilikuwa kali; alijifunika shuka nyekundu mpaka masikioni. Lukresia, mke wa mwenye duka, naye alikuwa amefunga kitenge kichwani mpaka kwenye nyusi.

"Mguu bado, jirani?" Lukresia aliuliza.

"Ng'ombe alinikanyaga vizuri, dada."

"Ng'ombe." Lukresia alifuta kaunta iliyokuwa safi tayari. Akashusha sauti. "Hata mimi ningesema ng'ombe."

Soila hakucheka. "Nataka tishu za jikoni, roli moja."

Bartolomeo, aliyekuwa amekalia kreti ya soda akinywa chai, alicheka kwa niaba ya wote. Alikuwa mtu wa watu. Aliimba besi kanisani, na gari lake lilikuwa limewafikisha wagonjwa wengi hospitali bila kuwadai hata mafuta.

"Tena? Si ulichukua Jumamosi? Huko kwako kunamwagika nini?"

"Maziwa."

"Maziwa," alirudia, akitikisa kichwa. "Basi leo nunua kwa akili."

Soila alinyoosha kidole kwenye rafu ya juu. "Nishushie ile ya bluu, dada. Na ile ndogo ya kijani."

Lukresia aliinua mkono wa kulia hadi usawa wa bega, akaushusha, akaanza kutafuta fimbo ya kushushia bidhaa.

"Acha, mama Julius, utamwaga rafu nzima." Bartolomeo aliinuka, akaweka kikombe kwenye kaunta, akazishusha mwenyewe, akazisimamisha kando yake. "Sasa tazama, jirani. Watu wananunua unene. Unene ni uongo."

Aliipiga ile ya bluu ngumi moja. Kaunta ilitetemeka, chupa za mafuta zikagongana. Wanawake wote wawili walipepesa macho. Roli ilikuwa imebonyea hadi katikati.

"Upepo mtupu. Wameizungusha kwa kulegeza ijae machoni." Akaipiga na ile ya kijani. Ilibaki na umbo lake. "Hii inavumilia. Ndiyo ya kukaa nayo ndani."

"Rarua kipande kimoja, dada," Soila alisema. "Nione."

Lukresia alirarua kipande, akakiweka juu ya chai iliyoruka kutoka kwenye kikombe cha mumewe. Karatasi ilikunywa chai yote. Aliikamua kwa vidole vya mkono wa kushoto, akaikunjua. Haikuchanika.

"Ina vipande vingapi? Nisomee."

Lukresia aliileta roli karibu na uso, akaisogeza mbali, akageuza kichwa upande kama kuku anayetazama punje. Kisha akampa mumewe. "Wewe ndiye mwenye macho."

"Themanini, tabaka mbili," alisoma Bartolomeo. "Hiyo ya bluu ni hamsini, na bei ni ileile."

"Nipe ya kijani."

"Umechagua vizuri." Aliitia kwenye mfuko, akaushika kidogo kabla ya kuuachia. "Na huyo anayemwaga maziwa kila wiki, mfundishe adabu."

"Nitamfundisha," alisema Soila.

Alizunguka ukuta akivuta mguu, akafungua mlango wake. Ndani hapakuwa na mtu. Mumewe, Lekoko, alikuwa malishoni Kakesio na mifugo tangu Machi. Nyuma ya nyumba alibaki ng'ombe mmoja tu wa maziwa, mweusi, mwenye hasira za kukamuliwa. Soila aliitoa roli mfukoni, akasoma maandishi madogo bila kukunja uso: themanini, tabaka mbili. Akaiweka ukutani kando ya nyingine kumi na nane. Hakuna hata moja iliyokuwa imetumika humo ndani.

Juu yake lilining'inia rungu la Lekoko. Akalitungua.

Upande wa pili wa ukuta alimsikia Lukresia akiingia chumbani, akiketi kitandani taratibu, kama mtu anayeshusha mayai. Soila alisogeza mdomo kwenye ufa wa tofali.

"Dada, tishu nanunua nikukague. Leo mkono wako haukupanda na jicho lako halikusoma. Akikugusa tena, sitasubiri duka lifunguliwe."