Futi ya Mama

Daktari wa timu alipotoa futi mfukoni, moyo wa mama ulimlipuka paa.

Kwa miezi saba, kila Jumapili, yeye ndiye aliyempima mwanawe paja la kulia, lile lililosinyaa baada ya kano ya goti kukatika mara ya pili. Alitumia futi yake ya kushonea nguo.

"Sentimita hamsini na tatu, baba! Limebaki kidogo tu lilingane na mwenzake."

Kijana alikuwa akicheka kwa furaha, na wiki nzima anajifua kama mwendawazimu. Angemwambiaje kwamba futi ilianzia kwenye nne badala ya sifuri, na kwamba dole gumba lake mwenyewe, la fundi cherehani, ndilo lililoziba namba hizo za mwanzo?

Ulikuwa uongo wa kumtia moyo tu. Nani alijua kwamba kijana angezipeleka namba zile kwa kocha, na kocha naye angempanga acheze Jumamosi?

Daktari alizungusha futi kwenye paja, akasoma. Akazungusha tena.

"Arobaini na tisa," alisema, akavua miwani. "Ukicheza na paja hili, goti lako ndiyo basi tena. Nani amekuwa akikupima?"

Mama alisogea mbele ili ajibu.

"Mimi mwenyewe, daktari," kijana alijibu, macho yake kwa mama. "Nilikuwa naanzia kwenye nne. Halafu pale mwanzoni naziba kwa dole gumba."