Muhanga Aliyefuta Nyayo

Muhanga hakujua kazi nyingine ila kuchimba. Shimoni mwake aliwahifadhi waliofukuzwa na wenzao: kanga majike wawili waliopendana, na jogoo aliyetaka kuatamia mayai. Lakini hakutulia. Fisi alikuwa ameapa kuwamaliza, basi kila kukicha Muhanga alifagia nyayo zote mlangoni kwa mkia wake.

"Pumzika kidogo, dada," kanga walimsihi.

"Unyayo mmoja tu ukibaki, tumekwisha!"

Siku moja akamkuta swala dume kichakani, karibu kabisa na mlango, yu hoi kwa kiu.

"Kwetu wamenifukuza kwa kumpenda dume mwenzangu," swala akasema kwa taabu. "Nilisikia mnawapokea waliofukuzwa, nikawatafuta hapa mpaka nguvu zikaniishia. Sikuona hata unyayo."

Muhanga akamwingiza ndani. Kisha akatoka, akatembea kwa vishindo hadi njia panda, wala hakufagia.

Wakaja wengi. Fisi naye akaifuata njia ile, akaona nyayo za kila namna zikiingia shimoni, akasita, akarudi alikotoka.

Usingizi bado haumjii Muhanga. Hutega sikio mlangoni, na hofu humwingia pale asiposikia mgeni akija.