Kifaa cha Nyamizi

Tangu pampu za gesi zipigwe marufuku kwa kuharibu anga, dawa ya pumu ya bei nafuu ni unga, na kifaa chake hakiutoi mpaka mgonjwa avute kwa nguvu. Nyamizi alivuta mara tatu. Taa ya kifaa, ambacho hupima pumzi na kuipelekea kliniki majibu, ikabaki nyekundu.

“Vuta kama unakunywa uji, mama Kulwa,” alisema mumewe, Lugendo.

“Uji… haunipimi.”

Lugendo alicheka, akakichukua kifaa amwonyeshe. Alivuta mara moja tu. Taa ikawa kijani, na sauti ya kliniki ikasema kwa upole kutoka ndani ya kifaa: “Hongera, Nyamizi. Kifua chako kimepona. Kuanzia leo, dawa yako atapewa mgonjwa mwingine.”

Lugendo alibaki amekishika. Nyamizi akainuka polepole kwenda kufungua dirisha, akalikuta liko wazi.