Mialoni ya Tsozini

Kombe alikula fenesi zima peke yake asubuhi ile, wala hakuwa na njaa. Nyama aliimeza harakaharaka. Mbegu alizifuta kwa shuka, moja baada ya nyingine, akazitia mfukoni.

Ilikuwa Februari 1953, na Kombe alikuwa mtunza kitalu cha miche juu ya kilima cha Tsozini, si mbali na Kwale. Majuma sita nyuma, Bwana Misitu, Mzungu mwenye amri juu ya msitu wote ule, alimkabidhi gunia dogo la mbegu za mwaloni zilizokuja kwa meli kutoka Ulaya. Kombe alizipanda, akazimwagilia, akazitengenezea kivuli cha makuti. Haikuota hata moja. Alipozifukua alizikuta zimeoza, nyeusi, zinanuka.

Bwana Misitu alikuwa safarini Taita, angerudi baada ya mwezi. Na Kombe hakuwa amesahau yaliyompata Kaingu, aliyekitunza kitalu kabla yake. Miche ya Kaingu ilipokauka, Bwana aliwakusanya wafanyakazi wote akaamuru achapwe viboko ishirini na vinne. Kombe ndiye aliyeambiwa amshike miguu. Tangu siku ile Kaingu hakuweza tena kuinama akalima.

Basi Kombe alizifukia mbegu za fenesi mahali pa zile za mwaloni, akamwachia Mungu.

Bwana aliporudi, miche ilikuwa imesimama safu kwa safu. Alichuma jani moja, akalivunja kikonyo. Utomvu mweupe ukamganda vidoleni. Kila mtu wa pwani aujua utomvu wa fenesi.

Bwana alijifuta kwa leso, taratibu.

"Vizuri sana, Kombe," alisema. "Hongera."

Tangu hapo alikizungushia kitalu ua wa makuti, akakataza mtu mwingine kuingia, akawa anakuja kila mwezi na futi yake na daftari. Alipenda kusimulia misitu ya kwao: jinsi mwaloni unavyokua polepole, mtu akazaliwa, akazeeka, akafa, nao ungali kijana, na jinsi mti mwingine, uitwao bichi, unavyojikalia chini yake kwa subira, ukarefuka, ukaupita kimo, ukaufunikia jua hadi mwaloni ukafa umesimama.

"Mwaloni hauvumilii kivuli," alisema. "Unataka uwanja wake wenyewe."

Huku akisimulia, aliandika vipimo vya miche iliyokwisha kumfika Kombe kifuani kabla ya mwaka kutimia.

Mwaka uliofuata Bwana DC, mkuu wa wilaya, aliitisha baraza. Watu wa Tsozini walikuwa wamelalamika kwamba serikali yataka kukitwaa kilima chao kwa ajili ya msitu wa kigeni. Bwana DC aliwasikiliza wote, kisha akakata shauri.

"Miti ya Ulaya ikiishi hadi masika ya mwaka ujao, serikali itakitwaa kilima chote. Ikifa, kilima ni chenu, na hakuna atakayewasumbua tena."

Watu waliangua kicheko. Mangi, mzee aliyekuwa na shamba karibu na kitalu, alipiga makofi. "Mti wa baridi uote Tsozini? Wallahi, tumeshinda!"

Mbeyu, mamake Kombe, alipiga vigelegele. Nyumba yake ilikuwa kule juu, pamoja na minazi yake na kaburi la mumewe.

Kombe hakungoja baraza livunjike. Alipanda mlima mbio, panga mkononi, aifyeke miche yote. Alikuta kitalu kimezungushiwa seng'enge, na askari wawili wenye bunduki langoni.

"Amri ya Bwana Misitu," mmoja akamwambia. "Panga acha hapa. Kuanzia leo utamwagilia tukikutazama."

Alijaribu chumvi ndani ya maji. Mvua ikaiosha, na mifenesi ikazidi kunawiri.

"Mwanangu, mbona huli?" Mbeyu alimwuliza siku moja.

"Mama, na ile miti isipokufa?"

"Itakufa. Mungu si Athumani."

Kombe aliinamia sahani yake. Mara mbili alikwenda hadi mlangoni pa ofisi ya Bwana DC ili aseme kweli. Mara zote mbili alimwona Kaingu mbele ya macho yake, chini, akilia kama mtoto, akarudi.

Masika ya 1955 yalipofika, Bwana DC hakupanda kilimani. Alivisoma vipimo mezani pake, akatia sahihi. Watu wakapewa siku kumi wahame.

Siku ya tatu, malori ya kiwanda cha mbao yalikuwa yamekwisha kufika kwenye mivule mikubwa ya kilimani. Siku ya kumi Mangi alikataa kutoka, nyumba yake ikatiwa moto. Aliingia kuuokoa Msahafu wake. Paa lilimwangukia. Mbeyu aliyaona yote. Akakaa juu ya kaburi la mumewe, askari wakamnyanyua wakamteremsha kama mzigo.

Siku hiyo Kombe hakuogopa tena kiboko. Alipanda ngazi za nyumba ya Bwana Misitu bila hodi, akamkuta barazani akinywa chai.

"Bwana, nilikudanganya. Ile si mialoni, ni mifenesi. Mbegu zako zilioza zote, nami niliogopa kukwambia. Nichape, nifunge, utakavyo. Lakini mwambie Bwana DC, mama yangu arudishiwe kwake."

Bwana Misitu hakukasirika. Alimimina chai katika kikombe cha pili, akakisogeza upande wa Kombe.

"Kaa, Kombe," alisema. "Mialoni haioti kwenye joto hili, nililijua hilo kabla mbegu hazijapakiwa melini. Wenye kiwanda waliitaka mivule ya Tsozini. Nilichokuwa nikikitafuta ni mtunza kitalu mwoga."