Kioo cha Dirisha la Mwisho

Mwenyekiti wa mtaa alimkuta Bi Mwanakombo amesimama juu ya kiti, patasi mkononi, anang'oa kioo cha dirisha la mwisho la nyumba yake. Vioo vingine vitatu vilikuwa tayari uani, vimefunika masanduku ya mbao yaliyopakwa rangi nyeusi na kujazwa maji ya kisima, yale ya chumvi yasiyonyweka.

"Watu wanasema umerukwa na akili."

"Waache waseme. Nishikie hiki, Mwenyekiti, kisivunjike."

Alikipokea bila kupenda. "Mwenye lori la maji amekasirika. Usipobomoa masanduku haya leo, anakutoa kwenye orodha yake. Utakunywa nini?"

Bi Mwanakombo alishuka, akakichukua kioo chake, akakilaza kwa mshazari juu ya sanduku la nne. "Mwambie anitoe. Tena alifute jina vizuri, lisisomeke."

"Na nyumba isiyo na madirisha? Vumbi lote hili?"

"Vumbi nimelizoea. Kiu ndiyo nimekataa kuizoea."

Jua lilikuwa kali. Chini ya kioo cha sanduku la kwanza mvuke ulikuwa umetanda na kugeuka matone ya maji yasiyo na chumvi. Mwenyekiti aliinama, akalifuata tone moja kwa macho, likiteremka polepole kuelekea mdomo wa chupa iliyotegwa ukingoni.

Ng'ambo ya ukuta, kwa jirani aliyekuwa wa kwanza kumcheka Bi Mwanakombo, ilisikika patasi ikigongwa kwenye fremu ya dirisha.