Mama Anamtaja Baba

"Bonyeza ile picha ya kipaza sauti, mama, halafu taja jina la baba. Simu itampigia yenyewe."

Mimi nilikuwa kiwandani Surat, mama kijijini kwetu Rajasthan. Baba alikuwa ameondoka kwenda kumuuza mnadani nyati wetu mzee wa kufugwa, ila kwenye giza la alfajiri akamfungua kwa makosa yule tunayemkamua. Nilimsikia ndama wake akilia.

Simu yangu baba hapokei tangu nihame nyumbani. Mama hajui kusoma, hata tarakimu. Na kwetu mke hatamki jina la mumewe, wala la kaka mkubwa wa mumewe.

"Baba watoto," mama akaiambia simu yake. Ikajibu haimjui.

"Hebu mtaje wewe," akamwambia mama mdogo, mke wa mdogo wake baba, naye asiyejua kusoma, aliyeshika simu ya pili, ile niliyokuwa nikiongea nao.

"Mimi nimtaje shemeji mkubwa? Mume wako huyo, dada. Mtaje mwenyewe."

"Mama, mnada unaanza."

Nikasikia bangili zake zikigongana. Alikuwa anashusha mtandio usoni kwa heshima, kwa ajili ya simu.

"Khetaram," akanong'ona.

"Ongeza sauti, mama."

"Khetaram." Sasa aliita kama anayeita mbuzi walioko ng'ambo ya bonde. "Khetaram. We Khetaram!"

Kumbe simu ilishaita na kupokelewa tangu ule mnong'ono. Zikasikika kelele za mnadani, kisha sauti ya baba, ndogo kabisa.

"Nani amekufa?"